Kurudi ulikokulia penye dhoruba: mwongozo kamili wa safari

Utotoni, mvua ya radi ikitukuta njiani tulikimbilia mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake uwandani. Tulibanana chini yake tukicheka kila anga ilipopasuka, na mpaka leo nikisikia ngurumo moyo wangu hukimbilia pale pale. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba katika uwanda ule wote hapakuwa na mahali pabaya kuliko pale. Mti haukutuokoa. Radi ilipiga kwingine, basi.

Mtu anayepita eneo la dhoruba asilolijua huogopa, na woga wake humsaidia: huuliza, hupunguza mwendo, hugeuza gari. Aliyekulia huko haulizi. Hujiona mwenyeji, kumbe ujuzi alionao ni wa mtoto aliyeketi kiti cha nyuma au kubebwa mgongoni, huku wakubwa wakiamua wapi pa kuvuka na lini pa kurudi. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hawakutuambia lolote kuhusu maji tuliyoyafika tukiwa na miaka saba.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kupita eneo la namna hiyo, awe na gari lake, awe abiria au atembee kwa miguu. Kumbukumbu zako utazihitaji, lakini zikae kiti cha shahidi. Usukani usizipe.

Hatua ya 1: Andika unachokumbuka kabla ya kufungua ramani

Fanya hivi wiki kadhaa kabla ya safari, na ufanye kabla hujaona picha yoyote ya mahali penyewe, kwa sababu ukishaona ya leo, ya zamani hujirekebisha kimyakimya ili ilingane nayo. Chukua daftari, gawa ukurasa mara tatu: niliyoyaona mwenyewe, niliyosimuliwa, niliyoyahisi. Utashangaa namna safu ya kwanza ilivyo fupi.

Usijiamini kwa sababu tu picha iliyo kichwani ni angavu. Chombo cha anga za juu cha Challenger kilipolipuka mwezi Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwataka wanafunzi waandike, siku iliyofuata, walivyopata habari ile: walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Zaidi ya miaka miwili baadaye aliwauliza tena. Wengi walitoa maelezo yaliyopishana na waliyoandika kwa mkono wao wenyewe, tena kwa uhakika kamili. Hao walikuwa watu wazima. Wewe unakumbuka ya utotoni, usiku, mvua ikinyesha.

Kumbukumbu ya mtoto hukosea pande mbili kwa wakati mmoja. Maji ya kifuu bahari ya chungu: mto uliokufika kiunoni ulimfika baba gotini, na mlima uliokutoa jasho huenda ni kilima tu. Hapo kumbukumbu inakuza. Lakini hatari inaipunguza, maana ulishikwa mkono na aliyekushika hakukuonyesha hofu yake. Matokeo yake, mtu hurudi, anaona mto ni mdogo kuliko alivyoukumbuka, anakumbuka pia kwamba "tulikuwa tunavuka tu", na makosa hayo mawili yanamsukuma majini kwa pamoja.

Cha kutafuta zaidi katika daftari lako ni mambo ambayo wakubwa waliyafanya bila kukueleza. Kabla ya mvua walihamishia wapi vitu? Njia gani waliiacha msimu fulani, hata kama ilikuwa fupi? Ni saa ngapi walikataa kabisa kuanza safari? Walisikiliza nini waliponyamaza ghafla? Mtoto huona matendo hayo bila kujua sababu, na ndiyo mara nyingi huhifadhika bila kupambwa. Kama mlikuwa mnazunguka mbali kila masika, pale mlipopakwepa palikuwa na tatizo la maji au la udongo, na kuna uwezekano mkubwa tatizo lipo bado.

Hatua ya 2: Linganisha na nchi ilivyo leo

Sasa fungua ramani. Fuata mito kwenda juu, uone inakotoka, kwa sababu mvua itakayokusumbua huenda ikanyesha mbali na ulipo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ikinyesha milimita 60 juu ya vilima vyenye ukubwa wa kilomita 10 za mraba, hizo ni lita milioni 600, na zote zinatafuta njia ya kushuka. Sehemu itazamwa na ardhi, inayobaki itapita kwenye korongo lile lile ulilochezea ukiwa mtoto, na inaweza kufika jua likiwa linawaka hapo ulipo.

Tazama pia kilichobadilika. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga dunia picha tangu 1972, na programu kadhaa za ramani hukuruhusu kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Penye msitu uliokatwa, au nyumba na lami zilizochukua nafasi ya majani, maji hayazami tena kama zamani: yanakimbia juu juu na kufika mtoni mapema zaidi, tena mengi kwa mpigo. Mto wenyewe huenda umehama. Kingo za nje za kona huliwa, za ndani hujaa mchanga, na baada ya miaka 20 au 30 kivuko ulichokijua kinaweza kuwa mita nyingi kutoka mkondo wa sasa, au ndani yake. Daraja jipya nalo lisikutulize mno. Kalvati ndogo ikizibwa na magogo inageuka bwawa, na bwawa la namna hiyo likipasuka huchukua barabara yote.

Kisha ongea na mtu anayeishi huko sasa. Usimuulize "kuna usalama?" Atakujibu ndiyo kwa adabu. Muulize maswali yenye jibu moja: mara ya mwisho barabara kukatika ilikuwa lini, ilikatika wapi, ilichukua siku ngapi kufunguka, na yeye mwenyewe hupita wapi ikinyesha usiku. Kama ni mzee aliyekujua mtoto, mpe nafasi ya habari za ukoo kwanza. Ya barabara yatakuja yenyewe katikati ya masimulizi, na mara nyingi ndiyo ya kweli zaidi.

Hatua ya 3: Chagua msimu, kisha chagua saa

Kama huna lazima ya kwenda msimu wa dhoruba, usiende. Najua hili linaumiza wale wanaotaka kuiona nchi ikiwa vile walivyoiacha, na wengine wamefunga safari hasa ili waisikie ile mvua. Basi nenda mwanzoni au mwishoni mwa msimu, uikute mvua bila kukuta udongo uliokwisha kushiba. Mvua ya kwanza na mvua ya ishirini zinaweza kuwa na milimita sawa, lakini ile ya ishirini haina pa kuzama.

Ukanda wa mawingu mazito ya kitropiki hulifuata jua likivuka ikweta kwenda kaskazini na kusini, ndiyo maana sehemu nyingi za karibu na ikweta zina misimu miwili ya mvua na za mbali kidogo zina mmoja. Kwa vimbunga, kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi msimu wake mkuu ni Novemba hadi Aprili; Atlantiki ya kaskazini ni Juni hadi Novemba.

Saa ina uzito kama msimu. Kwenye nchi kavu jua hupasha ardhi, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujengeka, na radi hupiga zaidi alasiri na jioni. Kwa hiyo anza alfajiri na panga uwe umefika kabla ya saa nane mchana. Juu ya maziwa makubwa mambo hugeuka: usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, hukutana katikati na kuinua mawingu, hivyo dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku na alfajiri. Anayevuka kwa chombo na anayepita kando kwa gari hawapaswi kutumia ratiba moja.

Ongeza siku mbili za akiba, moja kwenda na moja kurudi. Kati ya ushauri wote ulio hapa, huu ndio unaodharauliwa zaidi, na watu wengi waliojiingiza kwenye maji yaendayo kasi walifanya hivyo kwa sababu kesho yake walitakiwa mahali fulani.

Hatua ya 4: Soma utabiri kama mtu anayetafuta sababu ya kutokwenda

Fuata mamlaka ya hali ya hewa ya nchi husika kabla ya programu yoyote ya simu. Nchi nyingi hutumia rangi: njano ujiandae, chungwa uahirishe kama unaweza, nyekundu usiondoke. Ukiona "uwezekano wa mvua asilimia 40", maana yake ni kwamba pale ulipo, katika kipindi kilichotajwa, kuna nafasi 40 kati ya 100 ya kunyeshewa. Haielezi itanyesha kwa muda gani wala kwa nguvu gani. Soma na maelezo ya chini: maneno kama "mvua kubwa katika kipindi kifupi" yana uzito kuliko asilimia yenyewe.

Soma utabiri wa mwisho wa barabara, wa katikati, na wa vilima vya juu ya mito uliyoiweka alama. Watu huangalia wanakokwenda tu.

Hatua ya 5: Gari, begi na mtu wa kukungoja

Hapa sitakaa sana, maana orodha za vitu vya safari zimejaa kila mahali. Tairi ndizo za kwanza. Katika nchi nyingi sheria inakubali kashata ya milimita 1.6, lakini kwa mvua nzito usiende na chini ya milimita 3, kwani mifereji ya tairi ndiyo inayoyakamua maji. Wipa mpya, taa zote zinawaka, tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Nyundo ya kuvunjia kioo iwe karibu na mkono, siyo kwenye buti.

Begini: maji ya kunywa, walau lita 3 kwa mtu kwa siku, chakula kisichohitaji moto, tochi ya kichwani, pawabenki iliyojaa, dawa zako za siku tatu zaidi, nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, viatu vilivyofungwa. Ramani ipakue kwenye simu. GPS hufanya kazi hata pasipo mtandao. Simu ikishindwa kupiga, jaribu ujumbe mfupi wa maneno, mara nyingi hupenya.

Mwachie mtu mmoja makini njia utakayopita, saa utakayofika, na saa ambayo asipokusikia aanze kutafuta. Kubalianeni kabisa ampigie nani.

Abiria wa basi hachagui tairi, ila ana mdomo. Dereva akitaka kuingia majini, mmoja akipinga ataonekana mwoga. Wakisema watatu kwa utulivu, "Dereva, tushushe kwanza, tutakukuta ng'ambo maji yakishuka," mara nyingi atasita. Asiposita, shuka. Nauli iliyopotea haina uzito wowote hapo.

Hatua ya 6: Njiani, hesabu radi

Mwanga wa radi hukufikia papo hapo, sauti husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Ukiona mwako, hesabu hadi ngurumo, gawa kwa tatu. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari uko ndani ya eneo la kupigwa. Kwa kweli ngurumo haisikiki mbali sana, mara chache hupita kilomita 15 au 16, kwa hiyo ukiisikia tu imetosha: ingia ndani.

Ndani maana yake ni jengo lenye kuta na paa, lenye nyaya au mabomba yanayoweza kuupeleka umeme ardhini, au gari la bati lenye paa gumu, vioo vimefungwa. Gari halikukingi kwa sababu ya mpira wa tairi, ingawa tuliambiwa hivyo sote. Radi iliyoruka kilomita kadhaa hewani haishindwi na sentimita chache za mpira. Bati ndilo linalopitisha umeme kwa nje na kuuteremsha, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1836 kwa chumba alichokizungushia metali. Pikipiki, bajaji iliyo wazi na kibanda kisicho na kuta havina kinga hiyo.

Sasa ule mti wangu. Radi hupenda kilichoinuka peke yake. Ikipiga mti, sehemu ya umeme huweza kuruka kutoka shinani kumfuata mtu aliyesimama kando, na nyingine hutambaa ardhini kupitia mizizi na udongo uliolowa, ikiingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Kubanana kwetu kuliongeza ubaya: pigo moja lingetupata sote. Ukikutwa wazi, ondoka kileleni, ondoka majini, epuka uzio wa waya na miti iliyojitenga, achaneni mita kadhaa, na muendelee kutembea kuelekea jengo au gari. Kuchuchumaa na kungoja hakukufanyi salama.

Hatua ya 7: Maji yakiwa barabarani

Hapa ndipo kumbukumbu hugombania usukani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuliinua gari dogo, 60 huyabeba magari mengi, yakiwemo yale marefu yenye gia ya magurudumu manne. Watu hawaamini mpaka wapige hesabu. Chukua gari la kilo 1,500, sakafu yake mita 4 kwa mita 1.7. Kitu huelea kikisukuma maji yenye uzito sawa na wake, na mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Sentimita 22 za maji juu ya usawa wa sakafu zinatosha kubeba uzito wote. Kabla ya hapo tairi zimeshapoteza mshiko, na mkondo unasukuma ubavu mzima. Kadiri milango inavyoziba vizuri, ndivyo gari linavyoelea upesi. Nguvu ya mkondo nayo hupanda kwa mraba wa kasi: maji yakikimbia mara mbili, yanasukuma mara nne.

Kwa hiyo kanuni ni fupi. Kama huoni barabara chini ya maji, usiingie. Kama maji yanatembea, usiingie hata kama unaiona. Kufuata gari lililotangulia hakukuambii kitu, kwa sababu huenda ndilo lililomalizia kuimega lami. Usiku usijaribu kabisa. Taa hurudi machoni na kina hakisomeki.

Utasikia sauti kichwani: hapa nimepita mara mia. Jiulize nani alikuwa anavusha, msimu gani, na mara ngapi mlirudi nyumbani bila kuvuka. Hizo za kurudi hatuzikumbuki, kwa sababu hazina kisa.

Maji ya mafuriko ya ghafla mara nyingi huanza kushuka ndani ya saa chache mvua ikikoma vilimani. Paki juu, mbali na ukingo, elekeza gari unakoweza kuondokea, chomeka kijiti pembeni mwa maji na utazame. Kijiti kikizama, ondoka zaidi. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya tope, yakileta matawi, au ukisikia mngurumo wa mfululizo kutoka juu usiofanana na radi, usisubiri uthibitisho: panda mlimani kwa miguu, acha gari.

Ikitokea umo ndani na gari limezima, dakika ya kwanza ndiyo yako. Fungua mkanda, teremsha dirisha kabla umeme wa gari haujafa, toa watoto, toka, panda juu ya paa kama mkondo hauruhusu kwenda kando. Usipige simu kwanza. Usisukume mlango, maji ya nje yana nguvu kuliko wewe. Kioo kikigoma, gonga pembe ya dirisha la pembeni kwa nyundo. Cha mbele ni cha tabaka, hakivunjiki kirahisi.

Juu ya lami yenye maji machache hatari ni nyingine: tairi hupanda juu ya utando wa maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani wima, usikanyage breki kwa nguvu. Mshiko utarudi.

Hatua ya 8: Upepo, miteremko na nyaya

Miti ni kipimo kizuri. Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza mwaka 1805 kupanga nguvu za upepo kwa madaraja, na madaraja hayo baadaye yakafasiriwa kwa vitu vinavyoonekana nchi kavu. Matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukikushinda, upepo uko daraja la 6, kilomita 39 hadi 49 kwa saa. Miti mizima ikitikisika na kutembea kukiwa kazi, ni la 7. Vitawi vikianza kukatika, la 8, kilomita 62 na zaidi: ukiwa na gari refu au pikipiki, simama mahali pasipo na miti wala mabango. Miti kung'olewa ni daraja la 10, na hapo ulipaswa kuwa umeshaingia ndani zamani.

Penye miteremko, tazama nyufa mpya barabarani, miti na nguzo zilizoinama upande mmoja, vijiwe vinavyoteremka vyenyewe, kijito kilichopungua maji ghafla huku mvua ikiendelea. Hicho cha mwisho ni kibaya mno, kwani huenda udongo umeziba juu. Usipaki chini ya ukingo uliokatwa, hata kama ndipo mlipokuwa mnapumzika.

Waya wa umeme ulioanguka uchukulie kuwa hai. Kaa umbali wa mita 10 au zaidi. Ukiangukia gari, baki ndani na uite msaada. Ni moto pekee unaokuruhusu kutoka: ruka miguu ikiwa pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha sogea kwa hatua fupi za kuburuza nyayo.

Hatua ya 9: Unapokaribia pale penyewe

Sikutarajia kuandika hatua hii, lakini nadhani kilomita za mwisho ndizo hatari kuliko zote. Kabla mvua haijafika, harufu inafika. Wanasayansi wawili, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina mwaka 1964: petrikori, harufu ya ardhi kavu inayolowa. Sehemu yake ni jiosmini, kemikali ya bakteria wa udongoni, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chembe chache kati ya matrilioni. Ikikupata ukiwa umekaribia nyumbani, macho hujaa na mguu hukanyaga mafuta wenyewe. Mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer, aliyeunda neno nostalgia mwaka 1688 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya kurudi na maumivu, aliichukulia hali hiyo kuwa ugonjwa. Mimi sifiki huko, lakini sikubali mgonjwa huyo aendeshe gari. Simama, shuka kama hakuna radi, vuta pumzi, lia kama kilio kipo, kisha mwenzako ashike usukani ikiwezekana.

Panga mapema mahali pa kugeuzia. Sema kwa sauti, mbele ya wenzako, kabla ya kuondoka: "Tusipofika daraja la pili kabla ya saa sita, tunalala tulipo." Uamuzi uliofanywa ukiwa umekauka ni bora kuliko ule wa kwenye mvua, huku paa la nyumba ya zamani likionekana ng'ambo.

Ukiwa na watoto, waeleze unachokifanya na kwa nini unasimama. Wanajenga kumbukumbu zao leo, na wao pia watarudi siku moja wakidhani wanaijua njia. Aliye na machungu ya mahali hapo, aliyepoteza mtu kwenye mafuriko kwa mfano, asiende peke yake, wala asilazimishwe kushuka kwenye ukingo wa mto. Kuutazama akiwa juu barabarani kunatosha.

Huenda ukakuta hapapo: nyumba imebomoka, mto umekula kiwanja. Usiteremke kutafuta msingi wake kwenye ukingo uliolowa. Ukingo huo unamegeka kutoka chini, na kwa juu huoni dalili.

Hatua ya 10: Dhoruba ikipita

Usikanyage maji ya mafuriko bila sababu. Yamebeba maji taka, misumari, nyaya, pengine nyoka waliohamishwa mashimoni. Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yachemshe mpaka yatokote, ingawa kuchemsha hakuondoi mafuta wala kemikali. Mtumie ujumbe yule uliyemwachia ratiba. Rudi kwenye daftari, ongeza safu ya nne: niliyoyakuta. Andika tarehe, kina, na mahali barabara ilipokatika, kwa ajili ya atakayefuata.

Na kama ulikuja kwa ajili ya kitu kimoja, kama mimi na mti wangu, ngoja ndani ya gari. Hesabu dakika 30 kuanzia ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 29, hesabu inaanza upya. Mimi ilinianzia upya mara tatu, vioo vimejaa ukungu, mti ukionekana kama kivuli. Zikitimia, shuka.